Mwenye Mgonjwa Ni Mimi

Habari za kifo changu nilizipata kupitia dirisha.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje, katika hospitali moja mjini Bukoba, shuka mabegani ingawa jua lilikuwa kali. Nesi alitoka mlangoni akaita, "Mwenye mgonjwa! Wa Leokadia, kutoka Muleba!" Nikainuka. Akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe si ndiye mgonjwa? Kaa. Nimemwita mwenye mgonjwa."

Shemeji yangu Deo, mdogo wake mume wangu, akajikung'uta suruali akaingia. Mlango ukafungwa. Dirisha halikufungwa, kwa sababu kioo chake kilivunjika tangu mabomu ya wakati wa vita na Uganda na hakuna aliyekuwa amekirudisha. Nikasikia kila neno.

"Kwanza, ule ugonjwa wa siku hizi hana," daktari alisema. "Majibu yalirudi zamani, wakati wa kahawa. Hamkuja kuyachukua."

"Aa, tulikuwa na kazi, daktari."

"Sasa hili la safari hii ni baya. Tumetazama damu kwenye darubini. Ina seli kubwa kubwa, changa, zisizotakiwa kuwa nje. Hii ni saratani ya damu. Mkampumzishe nyumbani, msihangaike sana."

"Sawa, daktari. Ahsante, daktari."

"Yeye msimwambie. Atakata tamaa."

Nataka uelewe ni nini kilichonipasua. Saratani haikunipasua, hiyo hata sikuwa nimeielewa. Kilichonipasua ni maneno "wakati wa kahawa." Wakati wa kahawa ndipo waliponinyang'anya mtoto wangu Koku titini kwa sababu ya ugonjwa ambao sikuwa nao. Na sasa senene, wale panzi tunaokaanga, walikuwa wanaruka. Kahawa imeanikwa, imekauka, imeuzwa, senene wamekuja, na muda wote huo karatasi ya kunirudishia mwanangu imelala ndani ya chumba hiki ikimsubiri Deo amalize kazi zake.

Niliusukuma mlango. Sikuwa na nguvu ya kusimama bila kushika kitu, kwa hiyo nilishika meza ya daktari.

"Daktari, hiyo damu mliyotazama ilitoka kwenye mkono wa nani?"

"Mama, tunazungumza na ndugu yako."

"Nauliza. Ilitoka kwenye mkono wa Deo?"

"Shemeji, tulia," Deo akasema. "Utaanguka."

"Nikianguka kuna ubaya gani, Deo? Si nimeshakufa? Wewe ndiye uliyepewa taarifa!"

Daktari alikuwa kijana, wa umri wangu au pungufu. Akaanza kunieleza kwamba ndio utaratibu, kwamba wagonjwa wakiambiwa hujirusha ziwani. Nikamwuliza kama kuna mahali wanapoweza kutazama damu vizuri zaidi ya hapo. Akasema Mwanza, wanachoma sindano ya mfupa, wanatoa uboho wa ndani, lakini ni safari, ni usumbufu, na ndugu zangu waamue.

"Niandikie."

"Ndugu zako..."

"Niandikie mimi."

Nikakaa chini, sakafuni, hapo hapo mlangoni. Kila mgonjwa aliyeitwa baada yangu ilibidi aniruke miguu. Mzee mmoja aliponiruka alisema kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, pole," kama anayevuka kaburi. Kabla jua halijafika upande wa pili wa jengo, daktari aliandika.

Naandika haya nikiwa nimepona, kibanja changu cha migomba nakipalilia mwenyewe. Siandiki kufundisha udaktari. Nilisoma mpaka kidato cha nne tu. Naandika kwa ajili ya yule aliyekaa sasa kwenye benchi lile, shuka mabegani, akiambiwa akae kwa kuwa hakuitwa yeye.

Mwanzo wake ulikuwa hivi. Nilimzaa Koku wakati wa masika, dada yake Byera akiwa hata hajaacha kuanguka akitembea. Mimba ya pili ilinikuta sijapumzika ya kwanza. Mume wangu Projestus alikuwa kisiwani Goziba akinunua samaki. Aliporudi kutoka vitani hakutaka tena jembe, alisema amechimba mahandaki ya kutosha. Nilikaa kwa wazazi wake, chini ya mikono ya mama yake, ambaye namwita Mawe, yaani mama, kama wote wanavyomwita nyumbani pale.

Mawe ni mtu wa desturi za zamani. Kwake, mke mwenye mimba hagusi yai, hagusi kuku, hagusi samaki, hagusi maini, mpaka mtoto aote meno. Senene nilikuwa naokota mimi, nanyonyoa mbawa mimi, nakaanga mimi, wanaume wanakula. Projestus alikuwa akituma samaki waliokaushwa, kikapu kimejaa, na mimi mke wa mchuuzi wa samaki nikawa nakula ndizi zilizochemka tangu asubuhi mpaka zimesahau kama ziliwahi kuwa na rangi. Sikubishana. Sufuria lilikuwa lake.

Kwanza ukaja uchovu. Nikadhani ni watoto. Halafu homa za kila mara, nameza klorokwini, zinaondoka, zinarudi. Halafu moyo ukaanza kupiga ndani ya masikio, kama mtu anayetwanga nyumba ya jirani. Nikipanda mlima wa kisimani nilikaa chini mara kwa mara kwenye nyasi za rweya, ile mbuga ya wazi, nikiyatazama maji yangu ndooni. Ulimi ukawa mwekundu na laini, hauna tena ule ukwaruzo wake, chumvi ikiugusa unawaka. Kucha zikawa nyeupe huku mikunjo ya viganja ikiwa myeusi. Nyayo zikaingia ganzi, nikawa nakanyaga kama ninatembea juu ya pamba. Michubuko ikatokea mapajani bila mtu kunigusa. Nikipiga mswaki natema damu. Nikaharisha. Nikakonda mpaka pete ya ndoa ikawa inaangukia kwenye beseni la vyombo.

Sasa fikiria miaka ile, na mahali petu. Katika kila kijiji kulikuwa na nyumba zilizofungwa milango, migomba imeota mpaka barazani. Ule ugonjwa, wengine walikuwa bado wanauita Juliana, kwa jina la kitambaa cha shati kilichoingia kwa magendo kutoka Uganda; wengine silimu; redio ikisema ukimwi. Watu walikuwa wamejifunza kusoma miili. Mtu akikonda hakuulizwa anaumwa nini, aliulizwa mwenzake anafanya kazi wapi. Na jibu langu lilikuwa baya kuliko yote: kisiwani.

Hospitali ya Bukoba walinitoa damu. Walimwambia Deo wanadhani ni nini, na kwamba wanaituma mbali ikapimwe. Hawakuniambia mimi. Deo alimwambia Mawe. Mawe hakusubiri majibu.

Alikuja chumbani na maziwa ya ng'ombe kwenye kikombe cha bati. Koku alikuwa ananyonya. Aliingiza kidole chake pembeni ya mdomo wa mtoto, nikasikia ule mlio mdogo wa mdomo ukiachia.

"Maziwa yako yana sumu, mwanangu," alisema. "Usinichukie."

"Mawe, majibu hayajaja."

"Nimezika mwanangu Laurenti, wa vita. Nimezika mwanangu Feliksi na mkewe, wa ugonjwa huu. Majibu gani tena nisubiri?"

Wiki ile ile Deo alinirudisha kwa wazazi wangu. Byera na Koku wakabaki. Huko ndiko tulikofika miaka ile: mke akiugua, anarudishwa kwao na sanduku lake, akafie kwa waliomzaa. Kwa siku kadhaa maziwa yalivuja yakalowesha gauni kila niliposikia mtoto wa jirani akilia. Mama yangu alinifunga kanga kifuani. Halafu yakakauka. Hilo sijalisamehe mpaka leo, na sioni haraka ya kulisamehe.

Nilifuata majibu mwenyewe. Nilishuka Bukoba, nikafikia mtaa wa Kagondo kwa shangazi yangu, asubuhi nikaenda kukaa kwenye benchi. Nesi akasema majibu ya aina ile hapewi mgonjwa, nije na mwenye mgonjwa. Nikamwambia mwenye mgonjwa yuko Goziba, na mashua haiendi kwa kupiga filimbi. "Basi hata shemeji." Nikatuma salamu kwa Deo. Jibu la Deo nililetewa na aliyetumwa, neno kwa neno: "Kwenda kufuata nini? Tunajua."

Ndivyo tulivyo. Wakati wa vita, mwanamume akifa mstari wa mbele, habari zilipelekwa kwa mzee wa ukoo. Mke alijua kwa kuona watu wanafagia uwanja. Mke wa Laurenti alikuwa amekaa jikoni anamenya ndizi za chakula cha matanga ya mume wake, hajui. Mimi nilikuwa mwanafunzi wakati huo, nilihadithiwa, nikaona ni huruma. Sasa najua si huruma. Ni kumfanya mtu awe wa mwisho kufika kwenye jambo lake mwenyewe.

Msimu wa senene ulipofika nilianguka njiani kutoka kisimani. Baba akatuma mtu kwa Deo: njooni mumpeleke mke wenu hospitali. Mke ni wa ukoo alikoolewa hata akiwa amerudishwa. Deo akaja, nakubali, alinibeba kwenye baiskeli mpaka barabarani na hakulalamika. Ndipo tukafika lile benchi na lile dirisha.

Mwanza nilipelekwa na shangazi. Deo alisema atafikiria, shangazi hakufikiria. Kwenye meli alinilaza kati ya mikungu ya ndizi, akawafukuza waliokuwa wananikodolea macho. "Mnatazama nini? Hamjaona mtu akilala?" Mwanamke mmoja aliondoa mtoto wake karibu yangu. Shangazi akamwambia, "Mwondoe, maana huyu wetu anaambukiza hasira."

Hospitalini Mwanza nilikutana na Daktari Bhoke, mwanamke wa huko Mara, mfupi, asiye na maneno ya sukari.

"Toa ulimi," alisema kabla ya salamu. Akautazama muda mrefu. Akanibonyeza ufizi, akanibonyeza wengu, akaniambia nifumbe macho halafu akagusa vidole vya miguu yangu akiuliza ni kidole gani. Sikujua.

"Nani amekuambia unakufa?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilisikia."

Akaweka kalamu chini. "Nisikilize. Kuna magonjwa ya damu yanayofanana kama watoto wa tumbo moja. Moja ni lile walilokudhania kwanza. Nitalipima tena, na utajua wewe. La pili ni saratani ya damu, ile ya ghafla. Kama ni hiyo, hapa sina dawa ya kuiponya, na nitakuambia hivyo hivyo. La tatu lina dawa ya bei ya biskuti. Kwa kutazama uso wako siwezi kuyatofautisha. Kwa kutazama damu ya mkononi hata mwenzangu wa Bukoba asingeweza, nisimlaumu kwa hilo. Lazima niende damu inakopikwa, ndani ya mfupa."

Sindano ya mfupa wanachoma nyuma ya nyonga, au kifuani. Mimi nilichomwa nyuma. Sitakudanganya kwamba haiumi. Ngozi wanaitia ganzi, mfupa hautiwi ganzi. Unasikia mtu anasukuma kama anatoboa mlango, halafu anapovuta unasikia kitu kinatoka kutoka kwenye unyayo mpaka kwenye meno. Nilimng'ata shangazi mkono. Alama anayo, anaionyesha kwenye harusi.

Kitanda cha pili alikuwa Sabina, msusi kutoka Sengerema, mwenye mtoto mmoja wa kiume. Alichomwa siku moja na mimi. Mweupe viganjani kama mimi, michubuko kama mimi, homa kama mimi. Tulijilinganisha kama wasichana wanaolinganisha magauni. Tofauti iliyoonekana kwa macho ilikuwa ufizi: wake ulikuwa umevimba mpaka umekaribia kuyafunika meno.

"Meno yangu yamejifunika blanketi," alisema. "Yameona baridi."

Alinisuka nywele zilizobaki kichwani. "Wewe Mhaya, kichwa chako hiki nikikisuka chote nitakuwa nimesuka mistari minne. Nitakupunguzia bei." Kila viatu vilipolia koridoni tulinyamaza. Tulikuwa tunangoja vile viwili vya kahawia vya Daktari Bhoke, vyenye kisigino kimoja kilicholika. Nimesikia watu wakisema kungoja kunachosha. Kungoja kule hakukunichosha, kulininoa. Nilikuwa nasikia mpaka mtu akikunja shuka wodi ya jirani. Nilimwambia Mungu mambo ambayo sitayaandika. Nilimwomba liwe lile la tatu, kisha nikajua kwamba kama kuna moja la tatu na moja la pili chumbani humu, basi kuomba kwangu ni kumsukumia mwenzangu. Nikaomba hivyo hivyo.

Viatu vilikuja asubuhi, wodi ikinuka uji. Daktari alivuta kiti akaanza na mimi.

"Ukimwi huna. Nimepima tena, huna. Saratani ya damu huna." Akasubiri liniingie. "Seli zako ni kubwa na changa kweli, mwenzangu aliona sawasawa. Ila za saratani zinakataa kukomaa. Zako zinataka kukomaa, zimekosa chakula."

Nilimwelewa kwa njia ya kibanja. Mgomba ulioliwa na wadudu kwenye shina na mgomba uliokosa mboji yote miwili inageuka njano, yote miwili inazaa mkungu wa aibu. Ukisimama barabarani huwezi kusema upi ni upi. Sharti ukate shina utazame. Mmoja unang'oa. Mwingine unautilia samadi.

"Unakula nini?" akauliza.

Nikamwambia. Ndizi. Maharage yakiwapo.

"Samaki? Unatoka ziwani."

"Kwa mkwe wangu mwenye mimba hali samaki."

"Mayai? Maini?"

Shangazi, ambaye ni Mhaya kuliko mimi, akatazama dirishani.

Daktari hakucheka wala hakututukana. Alisema hawezi kuapa ni chakula peke yake. Ni mimba mbili zilizokanyagana, ni malaria, ni kunyonyesha mwili hauna akiba. Aliniandikia vidonge vidogo vya njano na sindano nyekundu kama juisi ya rozela. "Sijui kwa uhakika umekosa kipi kati ya vyakula viwili vya damu, kwa hiyo nakupa vyote viwili. Nikikupa kimoja tu naweza kukuponya damu nikakuharibia miguu."

Halafu akageuza kiti chake upande wa Sabina. Shangazi akainuka ili tutoke. Sabina akasema, "Kaeni. Nikisikia peke yangu nitasahau."

"Lako ni lile la pili," Daktari Bhoke alimwambia. Akamshika kifundo cha mkono. "Ningekuwa na dawa ningekupa. Naweza kukuongezea damu, naweza kukuzuia maumivu. Muda ni mfupi. Si miezi mingi."

Sabina akauliza, "Nikiongezewa damu nitaweza kusafiri?"

"Utaweza."

"Basi niongezee ya kunifikisha Sengerema. Mwanangu hatakaa kwa baba yake mdogo, anapiga. Nataka nimkabidhi kwa dada yangu mimi mwenyewe, watu wakiona."

Alifanya hivyo. Alisafiri akiwa amejifunga kitambaa kizuri, akamkabidhi mtoto, watu wakaona. Shangazi alipata habari baadaye kwa wachuuzi wa meli kwamba alifariki kabla ya masika. Daktari wa Bukoba alisema mgonjwa akiambiwa atakata tamaa. Sabina hakukata tamaa. Alikuwa na kazi moja ya mwisho duniani akaimaliza, kwa sababu alijua muda ni mfupi. Kama wangemwita mwenye mgonjwa, angekuwa yule yule baba mdogo anayepiga.

Kwangu mimi, kitu cha kwanza kilikuwa njaa. Ilikuja siku chache baada ya sindano, nikawa kama mtu aliyetoka kifungoni. Nilitaka yai. Shangazi alinunua, akamenya, akalishika mkononi muda, akasema, "Mwenyezi Mungu na mizimu mnisamehe wote," akanipa. Nililia nikila. Ulimi ukaacha kuwaka. Ule utwangaji wa masikioni ukasogea mbali, ukanyamaza. Ganzi ya miguu ndiyo iliyokawia, na kidole kimoja bado hakijarudi sawasawa. Asubuhi moja nilitazama viganja vyangu nikaona rangi, nikawa navitazama kama mtu aliyevaa glovu mpya.

Projestus alikuja Mwanza na boti ya sangara. Alisimama mlangoni mwa wodi na kikapu, amekonda yeye kuliko mimi.

"Leo," akaita. Ndivyo anavyoniita.

"Ulikaa kisiwani unangoja nife?"

"Nilikuwa nangoja nife mwenyewe." Akakaa pembeni ya kitanda. "Deo alituma habari kwamba una ule ugonjwa. Nikajua na mimi ninao. Kila asubuhi naangalia ulimi wangu kwenye kioo cha kunyolea. Mpaka wenzangu wakaniuliza kama najifunza kuimba."

Shangazi akacheka. Mimi sikucheka. Sikumuuliza pia kwa nini alikuwa na uhakika hivyo kwamba na yeye anao. Mwanamke aliyeolewa na mtu wa kisiwani hahitaji kuuliza. Daktari alimpima, yuko salama. Tulikula samaki wake wote watatu, hapo kitandani, mpaka miiba.

Tulirudi Muleba mvua za kwanza zikinukia. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mawe. Nilipiga magoti nikamsalimu, kwa sababu hasira haimwondolei mtu magoti. Alinitazama kama anayetazama mtu aliyetoka chini ya ardhi. Akanisogezea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kile cha wageni.

"Mimi si mgeni, Mawe."

"Waitu," alisema. "Wote waliotoka kwenye nyumba hii wagonjwa, hakuna aliyerudi."

Byera alinirukia shingoni. Koku alikuwa amekaa kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, mnene, nywele zimekaa vizuri, ametunzwa, siwezi kusema uongo. Nilimnyanyua. Akapiga kelele akamnyooshea Mawe mikono. "Mawe! Mawe!" Ndilo neno alilokuwa nalo, na hakuniita mimi.

Mawe alinyanyuka ampokee, akajizuia. Akakaa chini tena. Akaifungia mikono yake ndani ya kanga, kama anaifunga kamba, akageuza uso ukutani. Mtoto alilia mpaka akachoka, akanilalia begani, jasho lake shingoni mwangu. Baadaye Mawe akaniambia bila kugeuka, "Anapenda ndizi iliyopondwa na maziwa. Weka maziwa kidogo. Na mayai... kuku wametaga. Mpe. Na wewe ule."

Kifua changu kilikuwa kimekauka. Koku alirudi mikononi mwangu, titini hakurudi tena. Hapo ndipo nilipoamua.

Watu walinishauri niache. Umepona, shukuru. Padri alisema nisamehe. Projestus alisema daktari yule aliandika rufaa hata hivyo. Kweli aliandika, na kudhani saratani si kosa lake. Silalamikii hilo. Niliandika lalamiko langu kwa mkono wangu, nikashuka Bukoba, Koku mgongoni. Karani wa masijala alisoma mstari wa juu akauliza mume wangu yuko wapi aje asaini. Nikamwambia mume wangu hakutolewa damu. Akasema lazima liwe na jina la mgonjwa na jina la mwenye mgonjwa, bila hivyo haliingii kwenye jalada. Nikamwomba kalamu.

Lilipokelewa, likagongwa mhuri. Hili hapa, nimeondoa jina la hospitali tu.

*Kwa Mganga Mkuu wa Hospitali,*

*YAH: MAJIBU YA DAMU YANGU KUNYIMWA MIMI NA KUWEKEWA MTU MWINGINE*

*Ndugu,*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Wakati wa mavuno ya kahawa nilitolewa damu hospitalini kwako. Majibu yalirudi yakionyesha sina ugonjwa niliodhaniwa. Nilikuja mwenyewe kuyachukua nikarudishwa, nikaambiwa nilete mwenye mgonjwa. Majibu yakakaa kwako mpaka msimu wa senene. Baada ya damu hiyo kutolewa nilirudishwa kwetu nikafe, na mtoto wangu mchanga aliachishwa ziwa. Maziwa yangu yalikauka. Hayo huwezi kunirudishia, wala siyadai.*

*Ninachodai ni hiki. Mtu mzima mwenye akili timamu akija kuuliza habari za damu yake, aambiwe yeye, ziwe njema au mbaya, kwa sauti ya chini na mlango na dirisha vikiwa vimefungwa. Akitaka ndugu zake wajue, atawaambia au atawaita. Nesi aache kuita mwenye mgonjwa wakati mgonjwa amesimama mbele yake.*

*Naomba nijibiwe kwa maandishi, kwa jina langu, si kupitia shemeji.*

*Wako katika ujenzi wa Taifa,*

*Jina la mgonjwa: Leokadia Projestus.*

*Jina la mwenye mgonjwa: Leokadia Projestus.*